Nusu Jina

Bwana Ruwan alipoliona neno lile kwenye orodha ya wachumaji alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Akaigeuza kompyuta yake ili watu wote wanane waliokuwa mezani waone.

"Hebu someni wenyewe. Sivapakkiyam, nusu jina. Rasamma, nusu jina. Huyu naye, Yogeswari, nusu jina. Jamani, huko milimani hata jina zima mtu hapewi?"

Wakacheka. Walikuwa watu wa idara ya mauzo, orofa ya tisa, makao makuu ya kampuni ya chai jijini Kolombo, na kucheka bosi anapocheka kulikuwa sehemu ya kazi yao. Kalaichelvi, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo kazini ya miezi mitatu, hakucheka. Sivapakkiyam alikuwa mama yake.

Hakuna aliyelijua hilo pale mezani. Walijua msichana ametoka kwenye mashamba ya chai, maana walimwita "mtoto wetu wa milimani" mbele ya wageni, na wiki ya pili walimvika kikapu cha kuchumia na kumpiga picha ya tangazo kwa sababu mwanamitindo alichelewa. Lakini katika wiki saba hakuna aliyewahi kumuuliza ametoka shamba lipi.

"Chai yetu mpya inauzwa kwa jina," Bwana Ruwan aliendelea. "Mteja wa Ulaya anafungua boksi, anakuta jina la mwanamke aliyelichuma jani lake. Analipa mara tatu kwa sababu ya jina hilo. Sasa nimuuzie nusu?"

"Labda ni majina ya utani," alisema Nethmi, mwanafunzi mwenzake Kalai.

"Labda karani alichoka kuandika. Majina yao yenyewe marefu kama treni." Wakacheka tena. "Kalai, wewe ndiye mtaalamu wetu. Nini hii?"

"Bosi, hapo jina si jina. Kule shambani, jina ni..."

"Jina si jina!" Bwana Ruwan alipiga meza. "Haya, hayo mafumbo tuachie Ijumaa jioni. Mimi sikuuliza maelezo, nataka orodha safi. Hii nusu nusu yote iwe kamili kabla mwezi haujaisha. Waandikie mameneja wa mashamba yote manne. Nitatia saini."

Laiti angemwacha amalize sentensi ile moja, angejua kitu ambacho kila mtoto wa shambani anakijua kabla hajajua kuhesabu. Shambani, jina ni siku. Mwanamke akichuma kilo ishirini, karani humwandika jina, na hiyo ndiyo siku yake na ujira wake. Asipofikisha ishirini, hata akiwa amesimama mtelemkoni tangu asubuhi mpaka miguu imekufa ganzi, hupewa nusu jina na nusu ya ujira. Wanawake wakikutana njiani hawaulizani kama wamefanya kazi. Huulizana, "Umepata jina?"

Na watu wa orofa ya tisa, walioishi kwa majani yale, hawakuwa wamelisikia neno hilo hata siku moja.

*

Saa ya chakula Kalai alishuka ngazi za nyuma, akakaa karibu na mapipa ya taka ambako simu ilishika vizuri, akampigia mama yake.

"Amma, mkono vipi?"

"Mkono upo."

"Sikuulizi kama upo. Umepungua uvimbe?"

"Rasamma ameukanda. Anasema kifundo kimeteguka, mimi nasema ni uzee. Tumebishana mpaka tukasahau maumivu."

"Jana ulipata kilo ngapi?"

Pakkiyam, ndivyo mama yake alivyoitwa shambani kwa kifupi, alihesabu kwanza. Sauti za wanawake wengine zilisikika nyuma yake, na mtu akikohoa. "Ishirini na moja. Wakakata mbili za gunia na maji."

"Gunia gani hilo lenye kilo mbili?"

"La kwao."

"Kwa hiyo?"

"Nusu. Sasa ninayo mazima kumi na matatu, na nusu tisa. Zimebaki siku tatu."

Kalai hakuhitaji karatasi kufanya hesabu hiyo. Kanuni mpya ya kampuni ilisema kwamba mwanamke asiyefikisha majina mazima kumi na manane kwa miezi mitatu mfululizo anatolewa kwenye daftari la wafanyakazi wa kudumu. Nusu haihesabiwi. Huu ulikuwa mwezi wa tatu. Na chumba chao cha laini, yaani cha safu ya nyumba za kampuni, chumba kimoja na jiko, ambamo bibi yake alizaliwa na kufa, kilikwenda pamoja na daftari.

"Karani Thangarasa alikuja juzi," Pakkiyam alisema. "Na fundi. Walipima chumba."

"Walipima vipi? Nyinyi mkiwa ndani?"

"Baba yako alikuwa anakula. Wakamwambia ainue miguu, wapitishe futi."

"Akainua?"

"Angefanyaje?"

Sauti ya baba yake ikasikika kwa mbali: "Mwambie aongee na wakubwa! Si anakaa nao meza moja? Au wanamlisha chini?"

"Usimsikilize," Pakkiyam alisema haraka. "Usiongee na mtu. Wewe maliza, watie saini karatasi yako ya chuo, urudi. Umekula?"

"Nimekula," alisema Kalai, ambaye hakuwa amekula. Mafunzo yale hayakuwa na posho, na chakula cha mgahawa wa orofa ya chini kilikuwa rupia mia saba.

*

Alasiri alikwenda mlangoni kwa Bwana Ruwan akiwa na daftari mkononi. Bosi alikuwa kwenye simu. Akainua kidole: subiri. Kalai alisubiri amesimama kwa dakika ishirini, huku wenzake wakipita na kumtazama kama mtu aliyepewa adhabu.

"Bosi, kabla sijaandika ile barua, naomba dakika mbili tu. Nusu jina maana yake..."

"Kalai." Bwana Ruwan alivua miwani. Hakupandisha sauti, alikuwa mtu wa kusema maneno mabaya kwa upole. "Nethmi nikimwambia kitu, anafanya. Wewe nikikwambia kitu, unanipa historia ya watu wenu. Sijakuajiri. Nakufundisha bure. Somo la kwanza la ofisi ni hili: ukiambiwa andika, andika. Nilisema nini?"

"Nusu zote ziwe kamili kabla mwezi haujaisha."

"Basi. Hata kasuku angeandika."

Kalai alirudi kwenye kiti chake. Asije mtu akasema baadaye kwamba msichana yule alikosea au alichanganyikiwa. Alijua kila neno lilikokuwa linakwenda. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka vidoleni. Aliandika mistari minne:

"Kwa agizo la makao makuu, wafanyakazi wote walioandikwa nusu jina katika daftari la mwezi huu waandikwe jina kamili. Marekebisho yafanyike tafadhali kabla ya tarehe ya mwisho ya mwezi. Nusu jina lisionekane tena kwenye daftari lolote la mwezi huu. Shamba lithibitishe kwa barua."

Bwana Ruwan aliisoma yote. Akakata neno "tafadhali" kwa kalamu, juu yake akaandika "mara moja."

"Unaona?" alisema akitia saini. "Ukitaka, unaweza."

*

Katika shamba la Pachaimedu, karani Thangarasa aliisoma barua ile mara tatu, kisha akaipeleka kwa meneja wa shamba. Meneja huyo, kama wote waliomtangulia kwenye kiti kile, watu walimwita Dorai, yaani Bwana, na jina lake halisi lilibaki kwenye leseni yake ya gari tu.

"Dorai, hii haiwezekani. Wanataka nusu zote ziwe mazima. Ni wanawake themanini na sita."

"Imetiwa saini?"

"Na muhuri."

"Imeandikwa nini hapa?"

"Mara moja."

"Imeandikwa 'Thangarasa afikirie kwanza'?"

"Hapana, Dorai."

"Basi andika."

Dorai alidhani ni wageni wa Ulaya wanakuja tena kukagua, na kwamba kampuni inataka vitabu vipendeze. Aliwahi kuambiwa apake rangi vyoo usiku kucha kwa sababu hiyo hiyo, akavipaka. Haikuwa kazi yake kuuliza.

Siku ya mwisho ya mwezi orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Rasamma, jirani yake Pakkiyam, ndiye pekee katika kundi lao aliyekuwa amefika darasa la tano, naye alisoma kwa kidole, polepole, kwa majivuno ya mtu anayejua anasubiriwa.

"Yogeswari, ishirini na nne. Mariyayi, ishirini na tatu. Rasamma, huyo ni mimi mzuri wenu, ishirini na sita. Pakkiyam..." Akasimama.

"Sema tu," alisema Pakkiyam. "Najua ni kumi na matatu."

"Ishirini na tano."

"Acha utani, mwanamke. Leo sina meno ya kuchekea."

"Ishirini na tano! Mazima! Njoo utie jicho, hata ng'ombe angeisoma."

Wakasukumana mlangoni. Mmoja alisema karani ameugua. Mwingine alisema ameoa mke wa pili na moyo umelainika. Thangarasa alipopita walimwita, "Kaka, mbona una huruma hivyo leo? Una homa?" naye akaongeza mwendo bila kujibu.

Jioni ile Pakkiyam aliitia sukari ndani ya birika, badala ya kila mtu kulamba kidogo kiganjani na kushushia funda la chai isiyo na sukari. Mumewe, Sellamuthu, ambaye mgongo wake uliharibikia kwenye kupogoa michai ya kampuni hiyo hiyo, alionja, akatazama kikombe.

"Watazirudisha," alisema.

"Hata wakizirudisha, sukari umekwisha kuinywa."

Tarehe kumi walilipwa. Siku mbili baadaye karani alikuja, akasimama nje ya mlango, akasema habari ya chumba imesitishwa. Hakuomba msamaha kwa ajili ya futi.

*

Moto uliwaka Kolombo wiki iliyofuata, watu wa fedha walipoona mashamba manne yamelipa siku ambazo hazikuwa kwenye makisio. Bwana Ruwan aliitwa orofa ya kumi na mbili. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika rangi, na nyuma yake alikuja Bi Shiromi wa utumishi, mwenye karatasi mbili.

"Kalai, funga mlango," alisema Bwana Ruwan ofisini kwake. Kalai akafunga.

"Ulijua."

"Nilijaribu kukwambia, bosi. Mara mbili."

"Ungejaribu mara ya tatu!"

Bi Shiromi alikohoa. Bwana Ruwan akakaa, akasogeza karatasi ya kwanza mezani. Ilikuwa imekwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye, Kalaichelvi Sellamuthu, mwanafunzi wa mafunzo, alitafsiri vibaya neno la kishamba na kuandaa barua ya upotoshaji, na kwamba mkuu wake aliitia saini kwa kumwamini.

"Nilitafsiri neno gani?" Kalai aliuliza. "Barua ina maneno yako. Neno moja hata uliliandika kwa mkono wako."

"Usinijibu hivyo, nangi," alisema Bi Shiromi, kwa lile neno la kumwita mdogo wa kike, kana kwamba ni ndugu. "Tunakusaidia. Ukitia saini hapa, ni kosa la mwanafunzi, limekwisha. Bwana Ruwan anakusainia na hii." Akainua karatasi ya pili, fomu ya chuo. Bila fomu ile mwaka wa mwisho haukuhesabiwa.

"Na majina ya wale wanawake?"

"Yatarekebishwa."

"Yatarudishwa nusu."

"Yatarudishwa yalivyokuwa! Unajua uliyoyafanya yanaitwaje? Wizi!"

"Na gunia lenye kilo mbili linaitwaje?"

Bwana Ruwan alimtazama Bi Shiromi. Hakujua msichana anazungumzia nini, na katika uso wake ilionekana wazi kwamba hakutaka kujua. Kalai alipoona hivyo, woga wa mwisho aliokuwa nao katika chumba kile ulimtoka.

"Kikapu chenu nilikivaa, mkanipiga picha," alisema. "Hiki sivai." Akairudisha karatasi bila saini.

Mlangoni chini mlinzi aliambiwa apekue mkoba wake. Alikuwa mzee, akaona haya, akapekua kwa vidole viwili: kitana, daftari, mkate wa roti uliofungwa kwenye gazeti. Nethmi alikuwa akitoka kununua kahawa. Alisimama kana kwamba atasema neno, kisha akakumbuka simu yake.

*

"Miaka kumi na sita ya shule!" Sellamuthu alisema, Kalai aliporudi nyumbani, na mkono wake ulitafuta ukuta wa kujishikilia. "Kumi na sita! Nimebeba chokaa, nimebeba mbolea, mtoto aende akakae kwenye viti vinavyozunguka. Unaitupa kwa majina ya mwezi mmoja?"

"Ni chumba, Appa."

"Chumba kinavuja!"

"Kinavuja, lakini ndani yake walikuinulisha miguu."

Mzee akaitazama miguu yake. Hakuna aliyewahi kumtajia jambo lile tangu siku ilipotokea.

"Baba Kalai, kula," alisema Pakkiyam. "Na wewe kula. Hakuna atakayeamua kitu humu ndani kabla ya kula."

Lakini mambo yalikuwa yanaamuliwa kwingine. Mshahara ulikwisha kutoka na daftari la mwezi lilikwisha kufungwa. Ili lifunguliwe na fedha zikatwe, sheria ilitaka kibali cha kila mfanyakazi, kwa saini au kwa dole gumba. Pasipo kibali, majina yalikaa. Kampuni haikutaka ofisa wa kazi wa serikali aje kuuliza nusu jina ni nini, hasa mwezi ule maboksi yenye majina ya wanawake yalipokuwa yanapakiwa melini. Basi Jumatatu asubuhi, kabla ya watu kwenda mtelemkoni, kengele iligongwa wakaitwa ofisini.

*

Mchumaji haingii ofisi ya Dorai. Anavua ndara, anasimama barazani, anasemea dirishani. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi zao na ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Ukungu ulikuwa haujapanda. Wanawake themanini na sita walijipanga mpaka kwenye bustani ya maua, wakiwa na magunia yao ya plastiki viunoni. Juu ya kizingiti cha dirisha kulikuwa na karatasi ndefu yenye mistari, na kidau cha wino wa zambarau. Nyuma ya kidau alikaa karani, nyuma ya karani Dorai, na miguuni pa Dorai mbwa wake mwenye sweta.

"Pakkiyam kwanza," alisema Dorai.

Pakkiyam akasogea. Kalai alisimama hatua mbili nyuma yake.

Dorai alitoa bahasha, akatoa karatasi moja, akailaza kizingitini kando ya ile ndefu. Alizungumza taratibu, kama mtu mwema. "Hii ni ya binti yako. Imeletwa kwa gari kutoka Kolombo. Yule bwana ametia saini tayari, unaona? Wewe weka dole lako pale, yeye achukue karatasi yake hapa. Wengine watafuata, twende kazini. Majani hayangoji."

Ndipo wanawake walioko mbele wakaelewa kwa nini Pakkiyam ndiye aliyeitwa kwanza. Neno likapita kwenye mstari mpaka nyuma. Wote walimjua mtoto yule tangu alipokuwa anabebwa mgongoni, na hakuna ambaye angemlaumu mama yake.

"Dorai, mimi sijui kusoma," alisema Pakkiyam. "Isomwe kwanza."

"Karani atakusomea."

"Karani ndiye anayenisomea mizani. Binti yangu asome."

Mtu akaguna kwa kicheko nyuma. Thangarasa aliinamisha kichwa juu ya kidau chake. Dorai akatikisa mkono, haya, asome, aharakishe.

Kalai alichukua karatasi ndefu na kusoma kwa sauti ya kufika bustanini. "Sisi tuliotia alama hapa chini tunakiri kwamba mwezi uliopita tuliandikiwa majina ambayo hatukuyafanyia kazi..."

"Rudia hapo," alisema Pakkiyam.

"Majina ambayo hatukuyafanyia kazi."

"Nani hakufanya kazi?" Ilikuwa sauti ya Rasamma. "Ile mvua ya tarehe saba ilimnyeshea nani, mbwa wa Dorai?"

"Nyamazeni!" alisema Dorai. "Soma, malizia."

"...na tunaomba kwa hiari yetu yarudishwe kuwa nusu, na fedha zikatwe kwenye ujira wetu."

"Kwa hiari yetu," Yogeswari alirudia polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha.

"Na hiyo nyingine?" Pakkiyam aliuliza. "Ya kwako inasemaje?"

Kalai hakuigusa. Aliisoma pale pale ilipolala. "Mwanafunzi amemaliza mafunzo kwa kuridhisha."

"Na saini ipo?"

"Ipo."

"Ukiikosa?"

"Naanza upya mahali pengine. Mwakani, nikipata."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, Amma."

Pakkiyam aliitazama fomu ile. Hakuweza kuisoma, lakini aliutambua muhuri wa chuo, maana ulikuwa kwenye barua aliyoihifadhi ndani ya sanduku chini ya sari yake ya harusi. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba karani alidhani anakubali, akafungua kifuniko cha wino na kukisogeza karibu na mkono wake. Kalai alitaka kusema, "Usiweke." Alitaka pia kusema, "Weka." Alijichukia kwa hilo la pili, akayafungia yote mawili kinywani, kwa sababu siku zile ishirini na tano hakuzifanya yeye.

"Dorai," alisema Pakkiyam. "Mwezi uliopita nilitoka alfajiri siku ishirini na tano. Nilirudi jioni siku ishirini na tano. Leta karatasi inayosema hivyo, nitakuwekea dole la mkono na la mguu."

Kicheko kilianzia mbele, kikapita kwenye mstari mzima mpaka kwenye maua. Dorai akasimama, mbwa naye akasimama.

"Unajua unamfanyia nini mtoto wako?"

"Najua," alisema Pakkiyam, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo. "Wewe ndiye hujui unachomfanyia."

Akaukunja mkono wake wa kulia, ule wenye kifundo kilichovimba, dole gumba likaingia ndani ya ngumi. Akageuka, akavaa ndara zake.

Dorai aliichukua fomu, akaipasua mara moja, akaviweka vipande viwili kwenye droo na kuisukuma kwa goti. Kalai aliusikia mwaka wake ukifungwa mle ndani. Hakulia. Alisimama pale pale barazani mbele ya dirisha, kila aliyekuja amwone, na Dorai amwone.

"Anayefuata!"

Rasamma akaja, ngumi mbele, dole ndani. Akaiweka ngumi juu ya kizingiti kama mtu anayeweka jiwe, akaiondoa, akaenda. Yogeswari akafuata. Mariyayi, ambaye mumewe alidaiwa na duka la kampuni na ambaye kila mtu alidhani ataweka, alisimama, akakizungusha kidole chake hewani juu ya wino, kisha akakikunja. Baada yake hawakusimama tena. Walipita wakionyesha ngumi tu, mmoja mmoja, bila neno, wakivaa ndara na kuelekea mtelemkoni.

Walipofika kama arobaini, karani Thangarasa alikifunika kidau cha wino.

"Nani amekwambia ufunike?" aliuliza Dorai.

"Umekauka, Dorai," alisema karani, na kidole chake kilikuwa kimelowa wino wa zambarau mpaka kwenye kiungo.